Ruwa Ana Pointi Ngapi za Uhai?

"DM, Ruwa ana pointi ngapi za uhai?"

Aliyeuliza ni chalii wa Ngarenaro, na DM ni mimi, msimulizi wa meza yetu ya Dungeons & Dragons (D&D), mchezo wa kuigiza wahusika kwa karatasi na dadu. Jumamosi za mchezo hupanda Costa kutoka Arusha, akashuka Moshi na kifuko cha dadu na njaa ya mtu aliyeshinda shambani. Mpiganaji wake alikuwa ameshafika leveli 14, na mchezaji wa leveli 14 hukitazama kila kitu kwa jicho la kukipiga. Mbele yake palikuwa na karatasi niliyoichapisha stationery asubuhi ileile: miungu yote ya dunia yetu ya mchezo, jina, cheo, mamlaka yake, na pointi za uhai, zile ambazo zikiisha umekufa. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa Ruwa, Mungu wa Wachaga. Kisanduku chake cha mwisho kilikuwa kitupu.

Sijajibu, dada yetu anayecheza kuhani akaweka kalamu mezani.

"Huyo usimwandikie namba."

"Kwa nini sasa? Zeus ana namba. Odin ana namba."

"Zeus hakuna anayemwomba Old Moshi. Huyu bibi yangu anamwomba kila asubuhi kwa jina hilohilo, na Jumapili anamwimbia kanisani."

Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi aliseme mara mbili. Mara ya pili lilisikika kali kuliko alivyotaka. Chalii akainua mikono: haya dada, yaishe. Nikawaambia mlango wa pango umefunguka, dadu zikarushwa, tukapigana na majoka mpaka giza likaingia.

Lakini lile swali halikuondoka na Costa ya jioni.

Nimelibeba kazini, nimelibeba kwenye foleni ya luku, nimelala nalo. Wiki zimepita na bado najibizana nalo kichwani, ndiyo maana leo naandika.

Odin aliyeongezewa mia

Sitaeleza kwa kirefu D&D ni nini. Aliyefika hapa anaijua dadu ya pande 20, na pengine ameshaulizwa na jirani kama huo mchezo wa mishumaa na karatasi si freemason. Nataka kuzungumzia namba tu: nani wa kwanza kumwandikia mungu pointi za uhai, na alitaka nini.

Mchezo wenyewe ulitoka 1974. Mwaka 1976 TSR, kampuni iliyouchapisha, wakatoa kijitabu cha Robert Kuntz na James Ward, *Gods, Demi-Gods & Heroes*, na dibaji yake aliandika mhariri Tim Kask. Mpaka leo dibaji hiyo inanichekesha. Anasema kijitabu kimekusudiwa kuwarudisha ardhini wasimulizi wanaogawa zawadi ovyo, wale ambao meza zao zimejaa wahusika wa leveli arobaini na kitu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa Odin, baba wa wote kwa Waskandinavia, ana pointi 300 tu, nani atamchukulia kwa uzito bwana wa leveli 44?

Wachezaji wakaisoma kinyume.

Wao waliona kwamba Odin ana 300. Yaani anakwisha. Kitu kikishaandikiwa pointi za uhai, kimeandikiwa na siku ya kufa, na vijana wa Marekani wakaanza kupitia kurasa zile wakichagua wa kumfuata wiki ijayo. Ilipofika 1980, *Deities & Demigods* ikatoka, Zeus na Odin wakiwa na 400 kila mmoja. Kwa miaka minne Odin alikuwa ameongezewa mia, nafikiri kwa sababu za usalama.

Kitabu hicho cha 1980 kiligawa vyeo: miungu mikubwa, miungu midogo, nusu-miungu. Kilikusanya Wagiriki, Waskandinavia, Wasumeri, Wababeli, Wachina, Wajapani, Wahindi, Waselti, Wafini, wenyeji wa Marekani. Afrika ilipata Misri. Ukivuka Sahara kuja huku kwetu hukuti hata nusu-mungu mmoja. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, kitabu cha mchezaji cha 2014 kikaweka mwishoni orodha za miungu ya kale ya dunia hii: Wagiriki, Wamisri, Waskandinavia, Waselti. Basi.

Sikulia. Nilichoona ni nafasi: kama hawajaandika, tuandike sisi. Nikaanza kutengeneza dunia yenye mlima mmoja mkubwa wenye theluji na wa pili wenye meno, vihamba mteremkoni, mifereji, wafugaji kule bondeni upande wa magharibi. Halafu nikahitaji miungu, na miungu ilihitaji ngazi.

Ngazi niliyoichukua ni ya kitabu cha miungu cha 2002, toleo la tatu la mchezo. Kwa mtu anayependa majedwali, ni tamu kweli. Vyeo vinaanzia sifuri. Cheo cha 1 hadi 5 ni nusu-mungu, mwenye waumini mia kadhaa hadi elfu chache. Cha 6 hadi 10 ni mungu mdogo, maelfu hadi makumi ya maelfu. Cha 11 hadi 15 ni wa kati, malaki. Cha 16 hadi 20 ni mkubwa, mamilioni, na huyo dadu kwake ni mapambo: kila akirusha anapata matokeo ya juu kabisa. Ukijumlisha na habari za Forgotten Realms, mojawapo ya dunia za mchezo huu, ambako Ao, mkubwa wa miungu yote, aliamuru nguvu za kila mungu zitokane na wingi na bidii ya wanaomwabudu, unapata mfumo unaojifunga wenyewe bila kuvuja. Waumini wakiongezeka unapanda. Wakipungua unashuka. Wakiisha umekufa.

Nikaanza kuwapanga wa kwetu humo.

Watu elfu moja

Kuna kanuni moja katika kitabu hicho cha 2002 ambayo nilikuwa naipita kila siku. Inahusu kile ambacho mungu anahisi bila kuambiwa. Nusu-mungu huhisi jambo lililo chini ya mamlaka yake iwapo tu linagusa watu elfu moja au zaidi. Mungu mdogo anahitaji watu mia tano. Mpaka ufike cheo cha 11, kwa mungu wa kati, ndipo unampata anayehisi jambo hata likiwa la mtu mmoja. Huyo wa kati anahisi pia ya nyuma, wiki moja kwa kila cheo alichonacho, na mungu mkubwa anaongeza ya mbele kwa kipimo hichohicho.

Isome taratibu. Nusu-mungu wa uponyaji hajui kama mtoto wako ana homa. Anasubiri mlipuko.

Katikati ya kuhangaika na jedwali hilo nikapanda Kibosho kwenye shughuli ya familia. Baba mdogo alikuwa amesoma somo la kwanza kanisani asubuhi, kwa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Jioni, shati lilelile, mikono imekunjwa, akatoka na kata ya mbege, pombe ya ndizi, akaelekea chini ya migomba, kwenye mimea ya masale iliyozunguka kaburi la babu. Nilimfuata kwa sababu nilikuwa nimetumwa kumwita aje kula. Hakuniangalia. Akamimina kidogo, povu likakaa juu ya majani makavu kabla ya kuzama. Akamtaja baba yake. Akamtaja babu yake. Akamtaja baba wa babu, na hapo sauti ikapunguza mwendo, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Wa nne alimtaja kwa jina moja tu. Kisha akasema, "na wale wengine," akamimina tena.

Jambo lenyewe alilowapelekea? Ng'ombe. Ndama wa kwanza alitoka vibaya, wa pili yuko njiani, na anaomba safari hii wasiangalie pembeni. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekumbuka kitu mlangoni, mtihani wa binti yake wa kidato cha nne.

Ng'ombe mmoja na binti mmoja. Kwa hesabu ya 2002, unahitaji cheo cha 11 ili usikie hilo. Na wale wa chini ya masale, kwa mizani ya kitabu, hawafiki hata sifuri: hawana mamlaka ya jua, hawana mamlaka ya vita, waumini wao ni watu wa boma moja. Lakini ndio wanaomjua ng'ombe kwa jina.

John Mbiti, msomi Mkenya wa dini za Kiafrika, aliwaita wafu walio hai, na akaeleza kwamba wanabaki hivyo maadamu yupo anayewakumbuka kwa majina, vizazi vinne au vitano, kisha wanazama kwenye kundi lisilo na majina. Baba mdogo hajawahi kumsoma Mbiti, ila "na wale wengine" yake ilianguka palepale Mbiti alipoweka mstari.

Niseme ukweli, mchezo nao umewahi kulikaribia jambo hili. Kitabu cha msimulizi cha 2014 kinataja miungu waliopoteza karibu wafuasi wao wote, wakabaki mabaki yanayohesabiwa kuwa wamekufa. Niliposoma nikashtuka kidogo. Tofauti ni kwamba kitabu kinahesabu vichwa. Kibosho kichwa kimoja kinachokumbuka kinatosha, na kikifa hicho, vichwa elfu vilivyosahau havisaidii.

Cheo cha 21

Chalii, kwa haki yake, alitaka amani. Usiku wa katikati ya wiki akatuma sauti ndefu WhatsApp, nyuma yake jogoo wa jirani anawika saa tano usiku. Suluhisho lake: Ruwa tumpeleke cheo cha 21.

Wanaojua ngazi ya 2002 wanajua kwamba juu ya 20 kuna mlango mmoja zaidi. Huko anakaa mungu juu ya miungu, kama Ao. Hana karatasi ya namba. Hapigiki, haitwi, hafikiwi. Dada hataki namba? Basi hana namba. Chalii anataka mpangilio? Basi yuko juu ya wote. Siku ile niliona kijana ana akili, nikamtumia gumba.

Nikamwandikia dada. Akajibu kwa mstari mmoja.

"Kwa hiyo umemtoa namba ukampa uziwi."

Nikarudi kwenye kitabu. Kweli. Maelezo ya cheo cha 21 yanasema hao hawajali waumini, hawatoi uwezo kwa makuhani, hawajibu maombi. Kama wanajulikana kabisa, ni kwa wasomi wachache. Hiyo ndiyo bei ya kukaa juu ya jedwali.

Na hapo ndipo liliponiuma, kwa sababu picha hiyo naijua. Ni picha ya zamani ambayo wageni wengi walituchorea: Waafrika wana Mungu mkuu, ndiyo, aliumba akaenda zake mbali, na sasa wanahangaika na mizimu. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, alilalamika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuhusu upande wa pili wa kosa hilo, wasomi wetu wenyewe, Mbiti akiwemo, waliokuwa wakiivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki ili ionekane na heshima ugenini: mjuzi wa yote, muweza wa yote, asiye na mwanzo. Jedwali langu lilikuwa limefanya yote mawili kwa mpigo. Nilimvika joho la Olimpo, kisha nikamfungia dirisha.

Wakati bibi yake dada, kwa maelezo ya dada mwenyewe, akijikwaa kisiki anamtaja Ruwa. Mvua ikichelewa anamtaja. Chai ikiwa tamu anamtaja. Hakuna umbali wowote hapo wa kuupa cheo.

Upande mwingine, kusema Ruwa yuko karibu na pia kusema baba mdogo anapeleka habari za ng'ombe kwa babu, haya hayagombani mlimani hata kidogo. Yanagombana kwenye jedwali, kwa kuwa jedwali lina safu moja tu ya nguvu, na kila mtu lazima asimame juu au chini ya mwenzake.

Mweusi na mwekundu

Kilichonishangaza zaidi ni aliyefuata kulalamika. Chalii mwenyewe, huyuhuyu anayetaka kuua kila kitu.

Kwa wafugaji wa bondeni nilikuwa nimemwandikia Engai, Mungu wa Wamaasai na Waarusha, mistari miwili. Engai Narok, mweusi: mvua, majani, wema. Engai Nanyokie, mwekundu: ukame, radi, hasira. Kwa mchezaji wa D&D hii ni zawadi, maana visanduku tisa vya tabia vinakusubiri: mmoja mweke kwenye wema, mwingine kwenye uovu, vita ianze, kampeni ya mwaka mzima umeipata.

"Hao si wawili," chalii akasema. Mama yake ni Mwarusha. "Mama hasemi miungu miwili. Mvua ikija ni yeye, ng'ombe wakifa ni yeye. Ukimgawa, huyo mwekundu nitampiga mimi, halafu itabaki mvua tu milele. Nani anaishi hivyo?"

Sijawahi kupata hoja kali ya usanifu wa mchezo kuliko hiyo, na imetoka kwa mtu aliyekuwa anatafuna kiazi cha kukaanga.

Fikiria Ol Doinyo Lengai, ambao ni mlima wa Mungu kwa jina na kwa heshima. Ulilipuka 2007, ukaendelea 2008, majivu yakafunika malisho na watu wakahama na mifugo. Wenye elimu ya miamba wanaupenda kwa sababu nyingine: ndiyo volkano hai pekee inayojulikana duniani kutoa lava ya namna yake, nyembamba, nyeusi inapotiririka, ambayo ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Lava ni hiyohiyo. Ukija asubuhi na ukija baadaye utaandika rangi mbili tofauti kwenye daftari.

Nilifuta mistari miwili, nikabaki na mmoja. Kisanduku cha tabia nikakiacha, maana hakikuwa na jibu.

Namba zikahama

Kilichonitoa kwenye mkwamo ni kukumbuka kwamba D&D si mchezo pekee.

*RuneQuest* ilitoka 1978, ndani ya Glorantha, dunia ya Greg Stafford. Humo dini ndiyo kila kitu, lakini angalia vyeo vimewekwa wapi. Anayepanda ngazi ni mwabuduji: kwanza muumini wa kawaida, kisha aliyeingizwa kwenye siri za ibada, kisha kuhani au bwana wa runi. Swali la meza linakuwa wewe umefika wapi na huyu unayemwabudu, umetoa nini, umekatazwa nini. Halafu kuna Eberron ya Keith Baker, ya 2004, ambako miungu haitembei duniani, hakuna aliyethibitisha kama ipo, na makuhani wanapata uwezo wao kwa imani tu. Watu humo wanagombana kuhusu dini kama tunavyogombana sisi, bila refa.

Hapo nikaona ngazi yetu inasomeka vizuri ukisimama chini. Ukitaka kumtolea ndugu dhamana polisi, unaanza kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua ya utambulisho. Hakuna anayeamini kwamba mwenyekiti ana nguvu kuliko mkuu wa mkoa. Ila mkuu wa mkoa hakujui, na mwenyekiti anajua mpaka deni lako la genge.

Nikachana karatasi ya vyeo. Mpya haina safu ya nguvu. Ina safu nne: anaombwa nani, kwa jambo gani, kupitia kwa nani, ukiwa umeshika nini. Namba zote zimehamia kwenye karatasi ya mhusika. Kila mchezaji ana nafasi ya kuandika wazee wake, na jina tupu halihesabiki: lazima useme alikuwa nani, alikufaje, alipenda nini. Ukiomba, unawataja kwa sauti mezani kwa mpangilio. Kila jina linaongeza moja kwenye dadu, mwisho manne. Ukisahau kumalizia na "wale wengine", unapunguziwa moja. Hiyo ya mwisho ni ya baba mdogo, ingawa hajui.

Jumamosi ya kwanza ya kuijaribu, dada alitaja wanne bila kupepesa: mama mkwe aliyependa ugoro, mzee aliyekufa akichimba mfereji, na wengine wawili waliokuwa hawasemezani. Akapona mtoto wa mganga. Zamu ikafika kwa chalii.

Mpiganaji wake aliokotwa sokoni akiwa mchanga. Alimwandika hivyo tangu mwanzo, kwa sababu wahusika yatima ni rahisi, hawana ndugu wa kutekwa na msimulizi. Leveli 14, upanga wa moto, ngao yenye jina lake. Wazee: sifuri. Amelala pangoni mguu umevunjika na hakuna chochote katika dunia nzima kinachomsikia.

"Hii si haki," akasema, na alikasirika kweli, mpaka akatoka kwenda kuvuta hewa kibarazani.

Aliporudi hakutaka kupigana na mtu. Alitaka kujua kijijini kuna ajuza gani asiye na mtoto. Yakafuata mazungumzo ya kuasiliwa ambayo yalichukua muda kuliko joka lolote tulilowahi kupigana nalo. Ajuza, yaani mimi kwa sauti ya kukwaruza, akataka mbuzi. Chalii akatoa sarafu za dhahabu. Ajuza akamuuliza kama dhahabu ina damu. Dada akaingilia kuwa mshenga bila kuombwa. Mbuzi akatafutwa, akapatikana ana jicho bovu, akakataliwa, akatafutwa mwingine. Mwisho jani la sale likafungwa, na mpiganaji akaandika jina lake la kwanza la mzee: mume wa ajuza, marehemu, fundi wa mizinga ya nyuki, mtu wa hasira.

Sasa ana moja.

Odin naye ana watu

Lilibaki la Ruwa. Dada akapendekeza sheria: yeyote anayeombwa na mtu aliye hai haandikiwi namba mezani petu. Nikakubali haraka, maana ilikuwa fupi.

Chalii akakubali pia, kisha akafanya kazi ya nyumbani. Kule Iceland, akatuandikia, chama cha wanaoifuata dini ya kale ya akina Odin kinatambuliwa na serikali tangu 1973. Kabla hata D&D haijachapishwa! Ugiriki nao waliitambua rasmi dini ya miungu ya kale mwaka 2017. Na kile kitabu cha 1980 mnachokitaja kila siku kilimwandikia namba Kali, wakati hapahapa Moshi mjini kuna hekalu la Kihindu na watu wanaingia na maua.

"Zeus hakuna anayemwomba Old Moshi," akanukuu. "Old Moshi tu, dada."

Dada alikaa kimya kwenye kundi siku nzima. Kisha akaandika: "Sawa. Watoke wote."

Wakatoka wote. Zeus, Odin, Ra kwa tahadhari, Kali, Engai, Ruwa. Karatasi yangu ya kurasa tatu ikabaki nusu ukurasa: Pelor, Vecna, Lolth na wenzao, waliobuniwa mezani na wabunifu wa michezo na hawajawahi kuwa na bibi wa kuwaimbia. Lolth ana raha yake. Katika moduli ya 1980, yaani kijitabu cha kisa cha kucheza, malkia huyo wa buibui alipewa pointi 66 za uhai, ambazo mpiganaji mwenye hasira huzimaliza kabla chai haijapoa.

Mimi bado sijatulia na sheria hiyo. Wazee wa mlimani hawakuogopa kusimulia Mawenzi alivyokwenda kwa Kibo kuomba moto, akaenda tena, akaenda tena, mpaka Kibo akachoka akampiga, ndiyo maana kilele chake kimevunjikavunjika. Hayo ni mapigano ya wakubwa, tena yana majeraha unayoyaona ukiwa barabarani. Kama mtu angeniuliza mshindi alishinda kwa pointi ngapi, sidhani kama wasimulizi wa zamani wangekasirika. Wangecheka. Sasa kwa sheria yetu hadithi hiyo haichezeki, na ndiyo niliyotaka kuichezesha tangu mwanzo.

Dada anasema ichezeke, ila wapiganaji wawe milima tu. Chalii anasema mlima una pointi za uhai, amezihesabu, ana fomula. Hilo tumeliahirisha.

La haraka ni hili: kikao kijacho kuhani wa dada anaingia kwenye utando wa Lolth, mbali na kaburi lolote analolijua, na ameniuliza kama anaweza kuomba bila kutaja jina la anayeombwa, moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. Yeye kanisani ndivyo anavyofanya kila siku. Karatasi yangu yenye safu nne haina mahali pa kuandika hivyo. Nimemwambia aje na sala yake, nitaongeza mstari kwa kalamu, ila mbuzi atalipa.

Ameuliza mbuzi wa nini sasa, kama hapiti kwa mtu. Sijamjibu, na Jumamosi ni keshokutwa.